Televisheni Iliyokula Betri za Lori

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote za utotoni mwangu ni ya kisanduku cha chuma kilichokuwa kikivuma sakafuni kwetu Bwera, Uganda, mpakani na Kongo, kama nyuki mmoja aliyefungiwa ndani ya kopo la maziwa, anazunguka akitafuta tundu na hachoki. Kikianza kuvuma tu, nilijua Baba yuko nyumbani. Kikinyamaza, nyumba ilibaki na mimi na shangazi Hadija, dada yake Baba, naye alikuwa mtu wa soko la mpakani. Alitoka alfajiri na furushi la vitenge na kurudi jioni akiwa hana hamu hata ya kuongea. Mama yangu sikumjua, alifariki nikiwa mchanga. Basi mwaka ule nilipokuwa darasa la tatu, nikitoka shule nilikaa kwenye kizingiti cha mlango peke yangu, nasikiliza malori yakipanda kutoka mpakani, najaribu kulitambua la Baba kwa mlio wa gia zake.

Baba alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja. Alipeleka chumvi na saruji Butembo, upande wa Kongo, akirudi anapakia maharage au mbao. Msimu wa kahawa ulipoanza, magunia yaliyotoka Kyondo yakiwa yananukia barabara nzima, alirudi na televisheni ya zamani aliyopewa na mzee mmoja wa Butembo aliyekuwa akihama. Ilikuwa ya mbao, kioo chake kimevimba kama tumbo la chura, na nyuma imeunganishwa kwa waya mnene na kile kisanduku cha chuma. Shangazi alishika kiuno. "Wewe kaka! Wenzako wanavuka na vitenge, wewe umevuka na jiwe?" Baba akacheka. "Dada, hili jiwe litaongea. Na siku likiongea, mimi nitapunguza safari. Nitakuwa nakaa hapa jioni, naangalia habari na mama yangu." Mama yake huyo nilikuwa mimi, kwa sababu nina jina la bibi yangu, Zaituni. Sijui kama alikuwa akitania. Mimi niliyashika maneno yale kama yalivyo, na tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani ila jiwe lile liongee.

Kwetu umeme wa ukutani haukuwepo. Waliokuwa na televisheni ndogo waliziwasha kwa betri moja ya gari, na Baba naye akaunganisha moja. Kimya. Akaipiga ubavuni kama anavyopigwa punda. Kimya. Ndipo akamwita Papa Kasereka, Mkongo wa Beni aliyekimbia vita na kupanga chumba nyuma ya nyumba yetu, akitengeneza redio za watu. Rozari yake ilining'inia kwenye msumari mmoja na nyaya zake za kazi. Akageuza kisanduku, akapangusa kibati chake kwa kidole chenye mate, akasoma. "Baba Zaituni, hii kintu haikufe. Iko na njaa tu. Inakula batri mbili, sawa na lori yako."

Na betri mbili tulikuwa nazo, tena mle mle ndani. Bwera ya wakati ule hakuna dereva aliyelaza betri garini. Ukiziacha, asubuhi unakuta waya tupu. Kila jioni aliyokuwepo Baba alizifungua na kuziingiza sebuleni, moja baada ya nyingine, kazikumbatia kifuani kama watoto waliosinzia. Ndiyo maana mashati yake yote yalikuwa na matundu madogo tumboni, maji ya betri yameyala. Lakini hata kwa betri mbili kisanduku kilikohoa tu, kikanyamaza. Papa Kasereka akakifungua, akanionyesha ulimi mwembamba wa chuma. Alisema ulimi ule ukitetemeka upesi upesi ndio unageuza moto wa betri kuwa mkali kama wa ukutani. Ncha zake zilikuwa nyeusi kama sufuria. "Kamata taa muzuri, mutoto, mukono isitikisike." Akazisugua taratibu kwa msasa uliochakaa hadi ukawa laini kama kitambaa. Kazi ilikwenda kwa kusuasua, maana bila betri hakuna kujaribu, na betri zilikuwa zikisafiri na Baba. Akiwa hayupo nilikaa na televisheni sebuleni, nikaifuta vumbi, nikaisimulia mambo ya shule.

Jioni televisheni ilipowaka, kioo kilijaa chenga, halafu ukatokea uso wa mtu, mrefu kama umevutwa juu na chini. Shangazi akasogea. "Huyu anaumwa nini, uso mrefu hivyo?" Papa Kasereka akajibu bila kugeuka, "Ni njaa ya Kampala." Tulicheka mpaka Baba akafuta machozi. Mimi nilikuwa nimekaa mapajani mwake, na kisanduku kinavuma miguuni petu.

Ila safari hazikupungua. Tajiri ana mizigo yake, na lori likiondoka, betri zimeondoka nalo. Hata siku alizokuwepo, mvumo ukianza tu kushuka na kuwa mzito, Baba alichomoa waya. "Tuzime, mama. Kesho lori litakataa kuamka." Basi siku moja kulikuwa na mpira, sebule imejaa madereva, mvumo ukashuka na kila mtu akasema bado kidogo. Asubuhi lori lilikataa. Madereva walizomeana, betri zikapelekwa kwenye mashine ya kusaga, yenye injini ya dizeli, kuchajiwa, na Baba akakosa pa kwenda kutwa nzima. Tukakaa wawili kizingitini na chapati zetu. Lori likipita ananiambia bila kuinua macho: hili linatoka Karambi, breki zimeisha; lile limezidisha mzigo. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Safari moja baada ya siku hiyo Baba aliugua Butembo, akafariki, wakamzika huko huko siku ile ile kama ilivyo desturi yetu Waislamu. Habari ilichelewa kutufikia. Lori ndilo lililotangulia: nilisikia gia zake zikipanda, nikatoka mbio hadi barabarani napunga mikono, na kwenye usukani alikuwa mtu mwingine.

Papa Kasereka alihama baadaye, na televisheni ikaingia chini ya kitanda cha shangazi. Mimi sasa naishi Kasese, nashona sare za shule, na bado naota kuwa na duka langu lenye kioo mbele. Mwaka huu shangazi alinitumia jiwe letu. Nikampelekea fundi wa redio karibu na stendi. "Dada, hii tukuwekee invata ya kisasa badala ya hiki kisanduku, haina kelele," alisema. "Na haitaonyesha kitu, mitambo ya zamani ya kurushia picha walishaizima." Nikamwambia kelele ndiyo ninayoitaka. Alibadilisha vilivyooza, lakini ulimi nilimwomba aniachie. Niliusugua mwenyewe, kwa msasa niliousugua kwanza ukutani ulainike.

Chumbani kwangu umeme upo, na picha ninazo kwenye simu saa yoyote, sihitaji mtu arudi nyumbani ndipo nizione. Hata hivyo nilinunua betri mbili kuukuu za lori, nikazikumbatia moja moja hadi ndani, blauzi yangu ikapata tundu. Nikaunganisha. Kisanduku kikakohoa, kikavuma. Kwenye kioo chenga tupu, zinachemka kama mchele. Nilikaa sakafuni, nikanyoosha miguu kuelekea kisanduku, nikasikiliza. Mvumo ulipoanza kushuka na kuwa mzito, niliinuka nikachomoa waya, ili moto ubaki wa kuamshia lori.