Kopo la Biskuti la Shangazi Olha

Shangazi yangu, Olha Hrynkiw, amefundisha hesabu miaka ishirini na miwili katika mji wetu mdogo wa Saskatchewan, Kanada, na chombo chake ni kilekile: rula ya kukokotolea, ile yenye ulimi wa katikati unaosogezwa na kioo chenye mstari mwembamba kama unywele.

Mwaka huu wanafunzi wamekuja na vikokotoo. Shangazi akaweka kopo la biskuti mlangoni mwa darasa, kila anayeingia atumbukize chake humo. Watu wanasema ni ukaidi. Mimi naishi naye tangu ugonjwa wa mapafu uliponitoa shule darasa la sita, na najua: macho yake hayaoni tena ule mstari. Huenda na rula dirishani, hurudi mezani, huwasha taa mchana, huizima.

Jumanne mwalimu mkuu angekuja kuketi darasani kwake, aamue kama wanafunzi wakubwa wabaki naye au wapewe mtu mwingine.

Jumamosi, Marcel na Oksana walikuja jikoni kwetu kwa masomo ya ziada.

"Arobaini na mbili mara kumi na saba," Shangazi akasema. "Kadirieni kwanza!"

"Kama mia saba hivi," Oksana akajibu.

Shangazi akasogeza ulimi, akaileta rula karibu na pua. "Mia saba ishirini na nne."

Marcel alikuwa ameficha kikokotoo ndani ya kofia yake ya sufu. "Mia saba kumi na nne, mwalimu."

"Hiyo mashine yako imelala njaa."

"Imeshiba, mwalimu. Wewe ndiye umesoma mstari wa jirani."

Oksana akamkanyaga mguu. Shangazi akaifanya hesabu kwa kalamu, pembeni mwa gazeti. Mia saba kumi na nne. Akainuka, akaizunguka meza mara tatu. Supu ya bitiruti iliyokuwa motoni ikafurika, hakuna aliyeigusa.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu Oktoba," Oksana akasema, macho kwenye daftari. "Huwa tunasahihisha wenyewe, kimyakimya."

Wakaondoka. Jumapili nzima alikuwa anakaa, anasimama.

Jumanne jioni Marcel alifika kwetu kabla ya Shangazi, anahema.

"Kalimwaga kopo lote mezani, we! Kila mtu achukue chake! Halafu akamwambia mkuu mbele yetu, 'Macho yangu hayaoni mstari tena. Hivi vinaona. Mimi nitawauliza kama jibu linaingia akilini.'"

"Mkuu akasemaje?"

"Alikuwa anaandika tu."

Shangazi akaingia na buti zake zimejaa theluji, hakuzivua.

"Wanabaki nami mpaka Juni," akasema. "Halafu wataangalia tena."

Akaanza kuizunguka meza, akiacha madimbwi sakafuni. Raundi ya pili akasimama mbele ya Marcel, akanyoosha mkono.

"Niazime hicho chako wiki hii. Na hiki kitufe cha pembeni, hiki, kazi yake nini?"