Uwanja Tulioufagia

Siku niliyoliona boma la Dodoma kwa mara ya kwanza nilikuwa nimebeba kibuyu cha samli kichwani na furaha ya kipumbavu moyoni. Nilikuwa nimeolewa msimu uleule, katika nyumba ya Masinga kule Ipagala, na mama mkwe alikuwa amenituma sokoni peke yangu kwa mara ya kwanza. Uwanja wa mbele ya boma ulikuwa umejaa watu. Warangi kutoka Kondoa walikuwa wametandaza tumbaku na asali, wanaume wa Bahi wamekaa na chumvi yao, na ng'ombe waliofungwa upande wa reli walikuwa wakishtuka kila gari moshi lilipopumua. Niliuza samli, nikanunua chumvi, kisha nikasimama kuwatazama vijana wakicheza ngoma ya mavuno mpaka jua likaanza kuinama. Niliporudi, mama mkwe alinicheka, akaniuliza kama chumvi ile nimeifuata Bahi kwa miguu.

Wazee walisema kwamba kabla ya Mdachi pale palikuwa uwanda mtupu wenye udongo wa magadi. Ng'ombe walikwenda kulamba, na baada ya mavuno watu walikutana hapo kucheza na kuposa. Mdachi alipokuja na reli yake akapapenda palepale. Alivunja vichuguu, akapanga mawe pembeni na kuyapaka chokaa, akasimamisha mlingoti wa bendera katikati. Mbele ya ghala akasimika nguzo mbili nene na boriti juu yake, ya kutundikia mizani.

Halafu akaamuru uwanja ufagiwe. Kila kijiji kilikuwa na zamu yake, na kazi ilikuwa ya wanawake. Tulifika na mafagio yetu alfajiri, tukainama kwa mstari kuanzia kwenye mlingoti mpaka kwenye mawe meupe, askari akitembea nyuma yetu na kiboko. Jani likibaki, mgongo wako ndio unaojibu. Siku hizi wageni wa mji wakiambiwa kwamba mimi ni bibi wa tangu enzi za Mdachi, huniuliza uwanja huu wakati ule ulikuwaje. Mimi huwajibu kwamba ulikuwa safi sana. Nao hufurahi kusikia hivyo.

Vita tulivisikia kwanza kama habari za watu wengine. Wazungu walikuwa wanagombana kwao, tukaambiwa, na sisi tukasema wagombane. Kisha askari wakaja kuchukua ng'ombe. Kisha wakaja kuchukua wanaume wa kubeba mizigo, na wale waliosita wakafungwa kamba za shingo na kusimamishwa juani pale uwanjani mpaka gari moshi lifike. Watu husema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nadhani waliosema hivyo walikuwa wameshiba. Nyasi mvua ikinyesha huota tena.

Mwisho likapigwa baragumu, jumbe wetu akatutangazia amri ya Bwana wa boma. Kila kaya ipeleke nafaka yote uwanjani, askari wanaelekea Kondoa kupigana na Mwingereza na wanahitaji kula. Atakayeficha atanyongwa. Tulipeleka. Mtama na uwele vikamwagwa kando ya ghala, lundo likapanda mpaka likalingana na paa la nyumba ya tembe. Tuliendelea kulifagia pembeni kwa zamu, tukirudisha punje zilizotawanyika, na ole wake aliyeonekana akitafuna.

Masinga na mama yake hawakupeleka yote. Walifukia kilindo kimoja cha uwele, lile pipa letu la gome la mti, ndani ya zizi letu, lililokuwa tupu kwa kuwa ng'ombe walikwisha kuchukuliwa, wakatandaza samadi juu. Ile haikuwa akiba ya kula. Ilikuwa mbegu. Mume wangu alinieleza wazi kwamba bila mbegu ile mvua ikija itatukuta tumekaa, na mwaka unaofuata hapatakuwa na mtu wa kuzikwa wala wa kuzika. Kibuyu kimoja kidogo tu kilibaki ndani ya nyumba, kwa ajili ya mgonjwa. Sisi wenyewe tulikula mizizi na majani ya porini kama majirani wote.

Mchana mmoja, Masinga akiwa porini anachimba mizizi, alikuja mtu mlangoni. Alivaa nguo ya mchunga ng'ombe na miguu yake ilikuwa imejaa vumbi. Alisalimia kwa heshima, akaomba maji.

Kwetu mgeni hapewi maji matupu. Anaweza kuomba maji, kwa sababu ni aibu kuomba chakula, lakini mwenye nyumba anajua kinachoombwa. Hukaribishwa akakaa, akaletewa kata ya maji, akanywa kidogo, akasubiri. Kisha chakula kinafuata. Hata mama mkwe wangu alipokuwa na homa aliwahi kuinuka kumsongea ugali mpita njia asiyemjua.

Nilimwona akikitoa kile kibuyu. Nikamkazia macho, akajifanya hanioni. Mke mchanga hamkatazi mama mkwe mbele ya mgeni, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Akapiga magoti kwenye jiwe, akasaga. Jiwe la kusagia lilikuwa halijalia Ipagala kwa muda mrefu, na mlio wake ulinipanda mpaka kwenye meno. Mgeni alikula ugali wa uwele na mlenda, akafuta bakuli kwa kidole, akamwambia mama Mungu amzidishie. Nasi tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alikuwa tarishi wa boma.

Askari walikuja siku ya pili yake. Hawakuuliza kitu. Walidunga sakafu kwa vyuma vya kusafishia bunduki, wakadunga uani, wakaingia zizini.

Chuma kiligonga gome la kilindo. Niliusikia mlio nikiwa mlangoni.

Mama mkwe akatoka mbele, akasema ni yeye aliyefukia. Masinga akasema ni yeye. Askari mkubwa akawatazama wote wawili, kisha akasema kwamba mwanamke mzee hafai kitu hata akinyongwa.

Walimfunga mikono.

Uwanjani baragumu lilipigwa na vijiji vyote vikaitwa kutazama. Walianza kwa kumchapa, naye akavumilia. Kilindo chetu walikipasua mbele yetu wakamwaga uwele juu ya lundo, punje zikateremka zikapotea kati ya punje za wengine. Bwana wa boma alikuwa amekaa kwenye kiti kivulini akinywa kahawa. Yule tarishi alisimama nyuma yake, safari hii amevaa kanzu nyeupe, akitafsiri.

Kisha walishusha mizani kutoka kwenye boriti.

Tuliruhusiwa kumsogelea, mimi na mama yake.  Masinga hakumtazama mama yake, nadhani aliogopa akimtazama atavunjika. Alinitazama mimi.

"Usije ukamlaumu mama," akasema. "Mgeni hapewi maji matupu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu, na hayakuwa hata kuhusu mimi. Nilikasirika. Mpaka leo nikiyakumbuka hukasirika kwanza ndipo nikalia.

Hakufa upesi.

Amri ilikuwa aachwe pale watu wamwone. Na asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya Ipagala kufagia.

Nilidhani jumbe angetuombea. Hakuthubutu. Tulifika na mafagio yetu, tukainama, tukaanza kwenye mlingoti. Mama mkwe alikuwa kwenye mstari, nami nilikuwa pembeni yake. Mizani ilikuwa imetundikwa tena, upande mwingine wa boriti ileile, na karani alikuwa akipima magunia kama kawaida. Wenzetu walitaka kutupitisha mbali, lakini askari akaelekeza kiboko chini ya boriti na kusema pale ndipo pachafu zaidi. Mama akafagia. Alifagia taratibu, akipitisha fagio kando ya miguu ya mwanawe, pasipo kuigusa, kama mtu anayefagia chumba chenye mtoto aliyelala.

Mimi nilimchukia. Sitaki kusema vinginevyo eti kwa kuwa sasa ni marehemu. Tulikaa nyumba moja, tukalala chumba kimoja, na kwa muda mrefu sikumjibu ila kwa kichwa. Nilikuwa najiambia kwamba amemuuza mwanawe kwa bakuli la ugali.

Mwingereza alipoishika Kondoa na kuanza kushuka, Mdachi akaondoka Dodoma kwa haraka. Lile lundo hakuweza kulibeba, wala hakutaka kumwachia adui, wala hakufikiria kutuachia sisi. Alilimwagia mafuta ya taa akalichoma moto. Moshi wake tuliuona tukiwa Ipagala, na upepo ulipogeuka tukapata harufu ya bisi. Watoto walianza kutema mate kwa hamu. Uwele wetu ulikuwa mle, ule uliomuua Masinga, pamoja na kila walichotunyang'anya. Hakuna askari hata mmoja aliyekuwa amekula punje ya mbegu yetu.

Moto ulipopoa tulikwenda. Mara hiyo hakuna aliyetuamrisha. Wanawake wa Ipagala, wa Chang'ombe, hata waliotembea kutoka Hombolo, kila mmoja na fagio lake, tuliufagia uwanja ule mpaka kwenye nyufa za udongo, tukapepeta majivu, tukabaki na punje nyeusi. Chini ya boriti tulifagia pia. Mama mkwe alichagua zile ambazo hazikuiva sana, akazifunga kwenye pindo la kaniki yake, na mvua zilipokuja akazipanda. Alijua kwamba mbegu iliyopita motoni haioti. Alipanda shamba zima hivyohivyo, na halikuota kitu.

Njaa ikakaa. Tulizika majirani, kisha tukakosa nguvu za kuzika. Mchana mmoja alikuja mtu mlangoni, mpagazi aliyetoroka au aliyeachwa, shingo yake ina kovu la kamba. Kwa salamu zake nikajua ni mtu wa kwetu. Aliomba maji.

Ndani kulikuwa na ugali wa zile punje zilizoungua, mweusi, unaotosha mkono mmoja, wa watu wawili. Nikamtazama mama mkwe. Alisimama katikati ya nyumba kwa muda, uso wake umeelekea kwenye bakuli lililofunikwa. Kisha akachota kata ya maji, akampelekea.

Yule mtu akanywa kidogo. Halafu akasubiri, maana alijua kinachofuata.

Hakikufuata kitu. Alimaliza maji yake taratibu, akamshukuru mama, akashika njia.

Mama akaingia ndani, akajifunika kaniki kichwani kama wanavyojifunika wafiwa, akalia kwa sauti. Hakuwa amelia uwanjani, wala chini ya boriti, wala tulipoleta punje nyumbani. Nikaenda nikakaa karibu naye, nikamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikamwita Mama. Mdachi alikuwa amekwisha kuondoka, na Masinga alikuwa amekwisha kufa, na bado kwa Mama kulikuwa na kitu cha kuchukuliwa.

Jioni tuligawana ule ugali, tukala, tukaishi.