Kilio cha Mtu Aliyenipa Jicho

Tangu dokta wa Mbarara anishonee kioo kipya, ule utando angavu wa mbele ya jicho, upande wa kushoto, kioo kilichotoka kwa mtu aliyekufa, sijatulia. Nikimaliza kazi kidogo naenda mlangoni, naziba jicho la kulia, naangalia msalaba wa kanisa letu hapa Rubondo. Nikiona mikono yake yote miwili, narudi. Baada ya muda kidogo, naenda tena.

Mama yangu ndiye aliyeuliza kwanza. "Uyo mutu, balimulilia?"

"Sijui, mama."

"Unavaa kitu ya marehemu na haujakaa kilio? Ata koti hatufanyi ivyo."

Basi tukakaa chini siku tatu, majirani wakaja kuimba. Kwetu mwenye kilio hanawi uso wala hajipaki kitu. Chupa ya matone ya dawa ya jicho, niliyoambiwa na dokta nisiiache hata siku moja, ikabaki ndani ya mfuko. Sitaki kumsingizia mama. Yeye hakuambiwa. Mimi niliambiwa, nikanyamaza, maana hata mimi nilitaka yule mtu apewe heshima yake.

Siku ya nne jicho lilikuwa jekundu, na msalaba umekuwa ukungu tu. Nikaenda senta ya Rwekubo kutafuta gari la Mbarara. Njia nzima najiambia: labda kioo kilikuwa cha mzee, kimechoka chenyewe. Ni rahisi kumlaumu asiyeweza kujibu.

"Dokta, aliyenipa alikuwa mtu wa miaka mingi?"

"Miaka peke yake si shida sana." Dokta alikuwa ananimulika jicho. "Nyuma ya kioo iko chembe ndogo ndogo, zinafukuza maji. Zilihesabiwa mbele ya kukushonea. Zilikuwa mingi, nzuri. Lakini zikikufa hazizaliwi tena. Hizo ulipewa ni hizo tu. Sasa mwili yako imeanza kukataa. Mama," akaniuliza, "matone uliweka?"

Nikamweleza kilio. Hakucheka.

"Weka kila saa. Rudi kesho kutwa."

"Kitapona?"

"Siwezi kukudanganya. Bado sijui."

Nyumbani nilimwambia mama yote. Akaleta beseni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko. "Kilio kimeisha. Leta iyo dawa. Na ukitingisha kichwa nitakupiga, ata kama uko na bajukuu."

Tangu hapo saa haipiti bila yeye kuniita. Leo nimeenda mlangoni mara sita. Mkono mmoja wa msalaba naona. Wa pili, nisidanganye, labda najua tu mahali ulipo.