Harufu ya Bisi

Ardelia Stokes aliuza bisi katika jumba la sinema pale Dayton, Ohio, tangu usichana wake. Figo za mdogo wake Cleavon zilipoharibika, ndugu wote walipimwa, ikaonekana ni figo ya Ardelia tu iliyomfaa. Ila daktari alisema hawezi kumpasua mpaka apungue mwili.

"Nitapungua," alijibu palepale. "Yule ni mdogo wangu."

Alijitahidi kweli. Mimi nilikuwa naye kaunta moja, nikamwona akija kazini ameshiba supu yake ya maharage. Lakini mashine ikiwashwa tu, mahindi yakaanza kupasuka na siagi ikanukia, mate yalimjaa mdomoni. Mkono ulikwenda wenyewe. Akija kushtuka, bakuli limebaki punje ngumu.

"Sina hata njaa," aliniambia siku moja, machozi yakimlengalenga. "Nyumbani bisi wala sizikumbuki. Nikisikia ile harufu, nakuwa mtu mwingine."

Aliomba kuhamia dirisha la tiketi. Harufu ikamfuata huko. Akawa anapumulia leso iliyopakwa dawa ya mafua. Uzito ukaanza kushuka. Kisha Krismasi ikaja, watoto wakajaa, akarudishwa kaunta, na uzito ukapanda tena.

Akitoka kazini alipitia kwa Cleavon, hospitalini alikosafishwa damu.

"Dada, usiseme kitu," Cleavon alimtania. "Koti lako limeshakusemea. Unanuka sinema nzima!"

"Nyamaza, nisije nikakunyima figo."

"Ninyime figo, bisi niletee."

Walicheka, hata muuguzi. Ardelia alikwenda kulilia ndani ya gari.

Mwishowe aliacha kazi, akaenda kusafisha ofisi ambako hakuna anayepika chochote. Huko ndiko alikopungua. Hospitali ikamwita kwa vipimo vya mwisho. Kabla siku haijafika, moyo wa Cleavon ulisimama akiwa kitini, mkewe Renita akidhani amesinzia.

Baada ya mazishi, kina mama wa kanisa walifunua masinia ya kuku wa kukaanga na makaroni ya jibini. Ardelia akainuka ghafla, akatoka. Mimi na Renita tulimkuta ameegemea ukuta, kwenye maegesho ya magari.

"Wifi, njoo ule kidogo."

"Mate yananitoka, Renita. Tumetoka kumfukia sasa hivi, na mate yananitoka! Huu ni mwili gani? Ningeacha ile kazi mapema..."

"Usinianzie hayo!" Renita alifoka, kisha sauti ikamkatika. "Kila ulipoondoka alikuwa akiniambia, 'Dada anapigana.'"

Ardelia alijifunika uso kwa mikono. Hakurudi ndani, na hatukumlazimisha.

Mpaka leo hajanenepa. Wasiojua habari zake humsifu kwamba amependeza, wakamuuliza alifanyaje. Yeye huwashukuru, akapita.