Alama ya Loreto kwenye Mkono wa Settimio

Nazzarena Carloni alikuwa na alama ya wino wa buluu kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko: msalaba, moyo, na Bikira Maria wa Loreto aliyefanana zaidi na kengele kuliko mtu. Alichorwa akiwa msichana, mwaka aliokwenda kuhiji Loreto miguu mitupu na wanawake wa kijiji chao, kule Italia, vilimani nyuma ya Osimo. Mchoraji alikuwa fundi viatu mwenye kibanda karibu na kanisa. Alikugonga kwa muhuri wa mbao, akafuata mistari kwa sindano tatu zilizofungwa pamoja, akapaka wino, kisha akarudi kwenye soli zake. Na ukirudi kijijini bila alama, shangazi zako walikucheka: ulikwenda Loreto wewe, au ulikwenda sokoni?

Basi hiyo ndiyo alama ambayo wasomi wa mjini walikuja kuiita dalili ya jambazi. Usilolijua ni usiku wa kiza, wanasema, lakini mabwana hawa hawakuona kiza chochote. Walijiona wao ndio taa.

Mumewe alikufa mapema, akamwachia shamba la bwana mwenye ardhi, ng'ombe wa bwana, na mtoto mmoja wa kwao wenyewe, Settimio. Kijana alikuwa na masikio yaliyosimama kama vishikio vya sufuria, na taya pana ya babu yake. Uzuri ulimpitia mbali. Mama yake mwenyewe alikuwa akimtania walipokaa kula ugali wa mahindi, uliomwagwa juu ya ubao wa meza.

"Sogeza masikio hayo, we! Yananizibia moto."

"Nimeyarithi wapi, mama? Si kwenu?"

Alipokuwa mdogo alishikwa na homa hata padri akaitwa, na Nazzarena akaweka nadhiri: akipona, nitampeleka Loreto. Akapona. Mbele ya fundi viatu mtoto aliziona sindano akaangua kilio, na ni Nazzarena aliyemshika mkono usitikisike.

"Tulia, mwanangu. Mama Maria atakujua kwa hii popote uendapo."

Settimio alikuwa ameshaota ndevu siku ghala la bwana lilipovunjwa, na mlinzi wake akapigwa rungu akafa. Asubuhi ile kijana alionekana barabarani na jembe begani. Kwenye vilima vile, nani asubuhi haonekani barabarani na jembe begani? Wakamkamata.

Kesi ilisikilizwa mjini Macerata. Hakuna aliyemwona ghalani, na nyumbani kwake hakikukutwa hata kiganja cha ngano. Wakili waliyepewa, kijana mpole aitwaye Tesei, alimnong'oneza Nazzarena mlangoni: "Mama, hawana kitu. Jumapili utakula naye." Nazzarena akaanza kuwaza kuku yupi amchinje.

Ndipo akasimama Daktari Benincasa, aliyeitwa na upande wa mashtaka, na koleo la chuma la kupimia vichwa mkononi. Alikuwa amesoma vitabu vya kaskazini vilivyofundisha kwamba mhalifu huzaliwa hivyo, kama mtu anavyozaliwa na nywele nyekundu, na anayejua kusoma fuvu hana haja ya shahidi. Akaamuru Settimio avuliwe shati mbele za watu, kama ng'ombe wa mnada.

"Waheshimiwa, tazameni. Taya ya nyani. Masikio ya mshenzi. Na hii hapa mkononi! Mtu mwema hajichori ngozi. Wanaojichora ni washenzi na wafungwa."

Mabenchi ya nyuma yalijaa watu wa kijiji, na karibu kila mmoja alikuwa na Bikira Maria yuleyule chini ya shati. Mikono ya mashati ikavutwa kimya kimya mpaka kwenye vidole. Nazzarena akasimama peke yake, amekunja mkono wa gauni mpaka begani.

"Na mimi je, daktari? Mimi nimemuua nani? Hii ni ya Loreto! Muulizeni padri! Wakunjeni mikono ya mashati hao wote nyuma yangu muone!"

Jaji akapiga kengele. Nazzarena hakuketi. Aliamini kesi imekwisha, maana nani angeuona mkono ule wa mama akaendelea na upuuzi? Maskini, alidhani ukweli ukionyeshwa huonekana.

Daktari hakukasirika hata kidogo. Alifurahi. Akashuka, akaushika mkono wa Nazzarena kwa vidole viwili kama mtu anayekagua samaki, akamgeukia jaji.

"Tunamshukuru sana. Mama naye anayo. Mnaona wenyewe, waheshimiwa: imo kwenye damu."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," akasema bwana mmoja benchi la mbele, na wenzake wakacheka.

Niambieni, mtu atajitetea vipi mbele ya elimu ya namna hiyo? Akinyamaza, ana moyo wa jiwe kama muuaji. Akilia, anaigiza. Mama yake akileta ushahidi, ushahidi unageuzwa kosa la pili. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini huyu alichagua lake, akalipima kwa chuma, na serikali ikampa kiti cha kukalia.

Settimio alifungwa maisha, kazi ngumu.

Nazzarena aliruhusiwa kumwona masika yaliyofuata, katika gereza la Ancona. Alimkuta amekonda, masikio ndiyo yaliyobaki, na mkono wa kushoto umefungwa tambara.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimeisugua kwa chokaa, mama. Haitoki yote." Akainamisha kichwa. "Yule daktari alikuja tena kunipima. Ni msomi yule. Labda anaona kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui. Wewe ndiye uliyenizaa, niambie kweli. Nilipotoka tumboni, uliona nini?"

Nazzarena, ambaye hakulia mahakamani, alisikia machozi yakimpanda, akayameza kwa hasira. Wamemfunga, sawa. Sasa wameingia mpaka humu, kichwani mwake! Akapenyeza mkono kati ya vyuma, akamshika palepale alipomshika siku ile kibandani kwa fundi viatu.

"Niliona masikio," akasema. "Na katikati ya masikio mtoto analia njaa. Nikakupa ziwa, ukanyamaza. Hicho ndicho nilichokiona, Settimio, na daktari hakuwepo."

Askari akasema muda umekwisha. Nazzarena hakuuachia mkono.