Komeo la Bunduki ya Mkulima wa Runingu

Mume wangu alikuwa fundi wa bunduki hapa Kasenga, na ufundi huo ndio uliotumaliza.

Uhuru ulipofika, wazungu wenye mashamba walivuka mpaka haraka na kuacha vitu vingi nyuma. Mkulima mmoja wa Runingu akapata mtutu mzuri, lakini mtupu, hauna kitako wala komeo, kile chuma cha kusukumia risasi ndani. Mbogo walikuwa wakitoka kwenye matete ya Ruzizi na kukanyaga mihogo yake. Alikuja kwetu na mtutu huo akiwa ameufunga ndani ya mkeka, pamoja na bunduki mbili mbovu, ili mume wangu achague komeo moja na kumuundia bunduki ya kuwindia.

Mume wangu alizifungua zote mbili juu ya meza. Moja ilikuwa nyepesi, komeo lake likiteleza kama limepakwa mawese. Ya pili ilikuwa ya zamani ya jeshi, nzito, ina kutu. Mkulima alishika ile nyepesi, hakutaka kuiachilia.

"Fundi, minye nataka hii. Ona vile iko inateleza!"

"Iko muzuri, muzee. Lakini risasi ya mtutu wako ni ndefu, haiwezi kuingia humu. Sasa tazama ukucha wa hii ya jeshi. Unakamata risasi tangu inapopanda, hauiachi mpaka ganda linaruka inje. Siku mbogo anakukujia na bunduki iko na matope, utapenda ya kuteleza ao ya kukamata?"

Mkulima alicheka, akakubali.

Kazi ilichukua muda mrefu. Mume wangu alisugua kutu, akachonga kitako kwa mti mgumu uliotoka Bijombo, akarudia tena na tena kulivuta komeo na kulisukuma mpaka nikaizoea sauti yake kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Mbogo wa kwanza alipoanguka, tuliletewa paja zima. Majirani walikula, na mimi nilijivuna.

Kisha uasi ukaja. Waasi walikusanya bunduki nyumba kwa nyumba, na ile ya mkulima ikawapendeza kuliko zote kwa sababu haikukwama hata mara moja. Wakamuuliza nani ameitengeneza. Akasema.

Walimfuata mume wangu, wakamweka kwenye chumba cha shule awatengenezee silaha zao. Aliyewakataa alipelekwa ufukweni na hakurudi. Nilimpelekea ugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kila mchana. Alikula bila kuniangalia.

Jeshi la serikali lilipouteka tena mji, waasi walikimbilia milimani. Mume wangu alibaki nyumbani. Aliamini kwamba mtu aliyelazimishwa hana kosa. Lakini huko Runingu mkulima alikuwa amekamatwa, na ili aachiliwe alitakiwa kuonyesha mtu. Alifika mlangoni kwetu akiwa na askari.

"Ni huyu," alisema. "Ni yeye alikuwa anatengenezaka bunduki za waasi."

"Muzee!" nilipiga kelele. "Na ya kwako, nani alikutengenezea?"

Akawapisha askari mlangoni. Askari mmoja alimvuta mume wangu mkono wa kuume, akauweka juu ya jiwe la kizingiti na kuvipiga vidole kwa kitako cha bunduki yake. Kisha wakaondoka naye.

Alirudi kutoka gerezani akiwa amekonda, vidole vimekauka vikiwa vimepinda. Hakuweza tena kushika hata tupa ya kusugulia chuma. Nikauza ndagala sokoni, tukaishi hivyo.

Hali ilipotulia kidogo, mkulima alikuja na mbuzi.

"Fundi, walikuwa wananiua," alisema.

"Minye najua," mume wangu akajibu, akamwonyesha kiti. "Ikala, muzee."

Alimsamehe, na watu wa kanisa wakamsifu sana. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilimpika mbuzi yule, nikawapakulia wote wawili, nikamkatia mume wangu nyama vipande vidogo kwa sababu ya vidole vyake. Kisha nikatoka nje na njaa yangu, nikakaa huko mpaka mgeni alipoondoka.