Monstera Yangu na Jivu la Mama Mkwe

Mimi hasira zangu haziko mbali, na mume wangu analijua hilo vizuri. Ndiyo maana jioni ile, nilipoingia sebuleni kwetu Mountain View nikitoka kazini mjini, nilimkuta amesimama kati yangu na dirisha, anatabasamu bila sababu.

Nyuma yake palikuwa na mmea wangu wa monstera. Niliinunua kwa wauza miche wa kando ya barabara kule Kitisuru ikiwa changa. Nikaihamisha chungu ilipokua, nikaipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, nikaitafutia mahali penye mwanga bila jua kali, mpaka ikaanza kutoa yale majani mapana yenye matundu ambayo ndiyo uzuri wake wote. Ikiwa changa hutoa majani mazima; matundu huja na ukubwa. Kila mgeni wangu alilazimika kuisifu kabla hajapewa chai.

Sasa ilikuwa imebaki na majani mawili madogo ya utotoni, na shina lote jivu tupu.

"Wadudu walikuwa wamemaliza maua yako," mama mkwe akasema kutoka jikoni. "Nimetoa majani yote mbaya. Jivu nimeomba kwa huyo wa kuchoma mahindi hapo kwa geti."

Alikuwa amekuja kutoka Magharibi, mara yake ya kwanza kututembelea tangu tuoane. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alijichukulia mwenyewe. Kwao, sukuma wiki ikitobolewa hutolewa majani na kunyunyiziwa jivu, na kwa shamba hakuna anayemshinda. Nami nilitaka mno anipende. Hasira nikaimeza, ikashuka kama ugali bila mboga.

"Asante, Mama," nikasema.

Mume wangu, ambaye hajui kunyamaza, akaangua kicheko, akamweleza mama yake kila kitu.

Mama alikula kidogo, akaenda kulala. Asubuhi nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, leso kiunoni, begi limefungwa. Alitaka kurudi nyumbani. Iliniuma kuliko nilipoona yale majani kwenye takataka.

"Jana ulisema asante ya nini?" akaniuliza.

"Niliogopa utaniona mkali, Mama."

"Kwani wewe ni mkali?"

"Sana."

"Hata mimi. Mtu akinishukuru nikiharibu kitu yake, najua hapa mimi bado ni mgeni."

Basi nikamwambia yote. Kwamba nilitaka kulia. Kwamba lile jani kubwa nililingoja kama mtoto wa kwanza, na kwamba hata mwanawe sijawahi kumpangusa kwa upole ule. Hapo akacheka, akafungua begi.

Tulikwenda pamoja dirishani, nikamwonyesha inavyotunzwa: unatia kidole kwenye udongo kwanza, na ukiwa na unyevu humwagilii maji. Alilipuliza jivu polepole.

"Jani lingine litatoka lini?"

"Haina haraka, Mama. Pengine mwezi. Lenye matundu ni zaidi."

"Basi mimi nangoja hilo la matundu," akasema, akaenda kuweka chai jikoni.

Sijawahi kuufurahia uvivu wa mmea kama siku ile.